Karo Limejaa: Gari la Kunyonya, Pampu ya Mkono, Ndoo au Shimo Jipya?

Mwenye nyumba wa Ng'ambo, sehemu ya mji wa Zanzibar, ambaye karo lake, yaani tangi la chini ya ardhi la uchafu wa choo, limejaa ana njia nne mbele yake, na kila njia ina watu wanaoisifu. Anaweza kuita gari la kunyonya. Anaweza kutafuta mafundi wenye pampu ya mkono. Anaweza kuwapa kazi vibarua wa ndoo na kamba. Au, ikiwa ana kiwanja cha kutosha, anaweza kulifunga shimo la zamani na kuchimba jingine. Wengi wetu huzilinganisha njia hizi kwa bei na kwa haraka ya kazi. Hapa nitazilinganisha kwa jambo jingine, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote mawili: ni njia ipi inayouzuia uchafu usiguse mkono wa mtu, ardhi ya uani wala maji ya kisima, tangu kifuniko kinapoinuliwa hadi uchafu unapofika mahali pake pa mwisho.

Sababu ya kulitanguliza jambo hili ni ardhi yenyewe ya visiwa vyetu. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini, imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji hupenya humo kwa kasi bila ya kuchujwa kama yanavyochujwa na udongo mzito. Maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo, kwa visima na chemchemi. Mji wenyewe umekuwa ukiletewa maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu tangu zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Uchafu uliomwagwa uani leo, kwa hiyo, haubaki uani. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978 na tangu hapo kimekuwa kikirudi, mara nyingi kikifuatana na mvua, na mripuko wa 2015 na 2016 watu wengi bado wanaukumbuka. Serikali imejiwekea mpango wa kukiondoa kabisa ifikapo 2027, na sehemu ya mpango huo, tutake tusitake, inategemea namna kila nyumba inavyoutoa uchafu wa karo lake.

Kwanza, ujue kilichomo

Hakuna njia inayoweza kuchaguliwa vizuri kabla ya kujulikana kilichomo ndani. Karo lililojengwa sawasawa huwa na tabaka tatu: povu zito na mafuta juu, maji katikati, na tope chini. Povu na tope vikishafika kiasi cha thuluthi moja ya kina cha karo, wakati wa kulitoa umewadia, hata kama choo bado kinapeleka maji vizuri. Kipimo chake ni rahisi. Chukua mti mrefu ulionyooka, uuzungushie kitambaa cheupe kikuukuu sehemu ya chini na kukifunga kwa uzi, uuteremshe polepole hadi uguse sakafu, uuache kwa dakika chache, kisha uupandishe bila ya kuutikisa. Sehemu iliyozama katika tope itatoka nyeusi na imeshikwa na chembechembe, na sehemu iliyokuwa majini itakuwa imechafuka kidogo tu, kwa hiyo mpaka wa tabaka mbili hizo utauona wazi. Kitambaa hicho hakifuliwi. Kinafungwa katika mfuko na kutupwa, na mti unaoshwa juu ya karo lenyewe kabla ya kuwekwa popote.

Kipimo hiki kinamweleza mwenye nyumba mambo mawili. Kwanza, kinaonesha tope ni jepesi au limeganda, na hilo ndilo linaloamua kama gari litaweza kulivuta. Pili, kinamkinga na gharama ya bure. Ikiwa tope ni kidogo na hata hivyo karo linafurika, au ikiwa karo lilitolewa wiki chache tu zilizopita na limejaa tena, ugonjwa upo kwengine: ama shimo la kunyweshea maji, ambamo maji ya karo hunywewa na ardhi, limeziba, ama maji ya ardhini yanaingia kupitia kuta. Hali hiyo ni ya kawaida katika sehemu za mabondeni zinazokusanya maji wakati wa masika. Kulitoa karo la namna hiyo mara kwa mara ni kuyavuta maji ya ardhini kwa fedha, na fundi wa kulijenga upya anahitajika zaidi kuliko gari.

Kuna jambo moja lisilobagua njia yoyote kati ya hizo nne. Ndani ya karo hukusanyika gesi. Ile yenye harufu ya yai viza, salfidi ya hidrojeni, ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na inapozidi kiasi cha sehemu 100 katika milioni huiua pua: mtu haisikii tena harufu na hudhani hatari imeondoka, hali ndiyo imezidi. Nyengine ni methani, ambayo hulipuka inapochanganyika na hewa kwa kiwango cha baina ya asilimia 5 na 15. Kwa hiyo kifuniko kinafunguliwa mapema na kuachwa wazi kwa saa kadhaa huku mtu mzima akiwa amekaa hapo kuwazuia watoto, hakuna sigara wala taa ya moto karibu, wala mtu haingizi kichwa ndani kutazama. Tochi inamulikwa kutoka pembeni.

Gari la kunyonya

Ikiwa gari linafika, ndilo chaguo langu la kwanza, na sababu si ukubwa wake. Ni kwamba uchafu hutoka ndani ya karo na kuingia ndani ya tangi kwa mpira uliofungwa, pasipo mtu kuubeba wala kuuona. Nafasi za kumwagika ni chache na zinajulikana zilipo, kwa hiyo zinaweza kulindwa.

Udhaifu wake unatokana na namna linavyofanya kazi. Pampu ya gari huondoa hewa katika tangi, na ni uzito wa hewa ya nje ndio unaousukuma uchafu kupanda mpirani. Uzito huo, hata kwa maji matupu na kwa pampu kamili, hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi. Kwa tope zito uwezo hupungua sana, na kila mita ya mpira na kila kiungo hupunguza zaidi. Gari lililoegeshwa barabarani na kuunganisha mipira minne kupitia kichochoro cha Jang'ombe au Kwahani linaweza kuyavuta maji ya juu yote na kuliacha tope, kisha mwenye nyumba akaambiwa kazi imekwisha. Maji ndiyo yaliyoondoka. Karo bado limejaa kile hasa kilicholijaza. Dawa yake ni kulikoroga tope kwa mti mrefu na kuongeza maji kabla ya kuvuta, kwa kukubali kwamba ujazo utaongezeka na pengine gari litarudi mara ya pili. Baada ya hapo mti ule wa kupimia unateremshwa tena, mbele ya dereva, kabla ya malipo.

Hayo maji ya kuongezea yana hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mara nyingi mpira wa bustani huchomekwa kwenye mfereji wa nyumba na ncha yake kutoswa ndani ya karo. Maji ya mfereji kwetu huja na kukatika. Yakikatika wakati ncha imezama, bomba linaweza kuvuta kwa nyuma, na maji ya karo yakaingia katika bomba la maji ya kunywa la nyumba na hata la jirani. Maji ya kuongezea yamiminwe kwa ndoo safi kutoka juu, au ncha ya mpira iwe juu ya mdomo wa karo bila ya kugusa chochote, na mpira uliotumika kwa kazi hii uwekewe alama na usirudi tena kujaza tangi la maji ya kunywa hata ukioshwa mara saba.

Mahali pengine pa kutazamwa ni viungo. Kila pale mpira unapoungana na mwengine pana raba ya duara; ikiwa imechakaa, kiungo hutona. Wakati wa kuvuta hakitoni, kwa sababu hewa inaingia ndani badala ya maji kutoka nje, na ndiyo maana watu hudhani kila kitu kiko salama. Hutona pampu inapozimwa. Pale ndipo lita kadhaa zilizobaki mpirani humwagika kichochoroni, mbele ya mlango wa mtu ambaye hata karo si lake. Wafanyakazi wazuri hufanya hivi: wakimaliza tope, huvuta ndoo mbili tatu za maji safi kupitia mpira ule ule ili kuusafisha kwa ndani, kisha pampu ikiwa bado inazunguka, mmoja wao huinua ncha ya upande wa karo begani na kutembea kuelekea kwenye gari, akiuinua mpira hatua kwa hatua mpaka kilichomo chote kimeteremkia tangini. Hapo tu ndipo viungo hufunguliwa, kila kimoja juu ya beseni. Nimeitazama kazi hii ikifanywa kwa utulivu kamili na kichochoro kikabaki kikavu. Nimeitazama pia ikifanywa kwa pupa, na tofauti ya muda baina ya hizo mbili ni ndogo sana.

Swali la mwisho kwa mwenye gari ndilo la kwanza kwa umuhimu: anakwenda kumwaga wapi? Baraza la manispaa au la mji ndilo lenye kutoa kibali cha kazi hii na kuonesha pahali pa kumwaga, na mwenye gari mwaminifu hasiti kulijibu swali hilo. Gari la bei rahisi linalokwenda kumwaga katika mikoko au bonde la mpunga limeuhamisha uchafu kutoka karo lililojengwa kwa saruji na kuupeleka pasipo na ukuta wowote. Mwenye gari asiyetaka kusema asipewe kazi, na ni haki ya mteja kuandikiwa risiti yenye jina la pahali hapo.

Pampu ya mkono

Vichochoro vyetu ndivyo vilivyoifanya pampu ya mkono iwe jambo la kufikiriwa kwa dhati. Si kitu kigeni katika nchi hii. Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilijaribiwa mashine iliyoitwa MAPET: pampu ya kuzungushwa kwa mkono na tangi la lita 200, kila kimoja juu ya mkokoteni wake mwembamba. Ilifanya kazi, na ilikufa kwa sababu ambayo kila mwenye mashine hapa anaijua, yaani vipuri na matengenezo. Baadaye, katika miaka ya 2000, Steven Sugden wa London School of Hygiene and Tropical Medicine alibuni pampu iitwayo Gulper, ambayo ni rahisi zaidi: bomba refu la plastiki lenye vali chini na fimbo ya chuma ndani, ikivutwa juu na kushushwa kama pampu ya kisima, na uchafu kutokea katika mdomo wa pembeni. Fundi mzuri wa mabomba anaweza kuitengeneza, na hilo ndilo lililoipa maisha marefu kuliko ile ya mwanzo.

Ukiiweka sawa na gari, pampu ya mkono inashinda katika jambo moja na kushindwa katika mawili. Inashinda kwa kuwa inapita mlango wowote ambao mtu anapita, na mtu anayeitumia husimama juu, nje ya shimo, umbali wa urefu wa fimbo kutoka kwenye uchafu. Inashindwa kwa kina, kwani ile ya kawaida hufikia mita moja na nusu hivi, ingawa ziko zilizorefushwa, kwa hiyo katika shimo refu itatoa tabaka la juu na kuacha la chini. Inashindwa pia na takataka. Pedi, nguo, mifuko ya plastiki na nywele huziba vali yake mara moja, na kila inapoziba lazima ipandishwe na kufunguliwa kwa mkono, jambo ambalo linaondoa faida yote tuliyokuwa tukiitafuta. Kabla ya kuanza, takataka zinazoelea zitolewe kwa ndoana ndefu ya chuma na kutiwa katika mfuko mzito. Nyumba ambayo choo chake hutumika kama jaa haifai kwa pampu hii mpaka tabia hiyo ikome.

Pahala pa hatari ni mdomo wa pembeni. Uchafu hutoka kwa mikupuo, na kila mkupuo ukianguka katika pipa kutoka juu hurusha matone yanayofika usoni. Kipande cha mpira kilichofungwa kwenye mdomo huo na kuingizwa ndani ya pipa kupitia tundu la kifuniko huondoa tatizo zima, na gharama yake ni ndogo mno. Mapipa yajazwe robo tatu tu, yafungwe vifuniko vya kukaza, yafutwe kwa nje kabla ya kupakiwa, na yasukumwe kwa mkokoteni mpaka yalipo magari. Kuna usumbufu mkubwa hapa, sikatai. Karo la urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1.5 lina lita 4,500, yaani mapipa 30 ya lita 200 yakijazwa kwa kiasi hicho cha robo tatu. Ndiyo maana mimi naiona pampu ya mkono kuwa inafaa zaidi kwa shimo dogo la choo cha nyumba moja kuliko kwa karo kubwa la familia tatu, isipokuwa pale mapipa yanapopelekwa hatua chache tu na kuvutwa na gari lililosimama barabarani. Njia hiyo ya mchanganyiko, pampu ndani ya kichochoro na gari nje, ndiyo ningeipendekeza kwa majirani wa mtaa mmoja wanaoweza kupanga siku moja na kugawana gharama, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anaweza kuwasaidia sana kuipanga.

Ndoo na kamba

Karo lile lile la lita 4,500 ni ndoo 225 za lita 20. Kila ndoo inapanda ikitona, inapita mikononi, inamwagwa katika pipa au, vibaya zaidi, katika shimo lililochimbwa pembeni usiku. Hizo ni nafasi 225 za uchafu kumwagika, na kila moja iko umbali wa mkono mmoja kutoka kwa binadamu. Njia hii ni ya mwisho, na ninasema hivyo bila ya kuwadharau wanaoifanya; wao ndio wanaobeba kwa miili yao kile ambacho sisi hatutaki hata kukitaja, na mara nyingi huitwa gizani na kulipwa kwa kificho.

Pale ambapo haina budi, sharti moja halina mjadala: mtu haingii ndani. Si kwa kamba kiunoni, si kwa dakika mbili, si kwa sababu tope limebaki kidogo. Gesi niliyoieleza hapo juu humwangusha mtu kabla hajapiga ukelele, na aghalabu anayefuata kufa ni yule aliyeruka kumwokoa. Tope lililobaki chini likorogwe kwa maji na kuchotwa kwa ndoo yenye mpini mrefu, na lile lisilofikika liachwe. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kununua mabuti ya mpira, glavu ndefu zinazofika kwenye viwiko, miwani na barakoa; akiviona ghali, basi gari si ghali tena. Wafanyakazi wa kudumu wa kazi hii wanastahili pia kuchanjwa pepopunda na homa ya ini, na kutumia dawa za minyoo kwa ushauri wa kituo cha afya, kwa sababu safura huingia kwa ngozi ya mguu mtupu na homa ya matumbo huingia kwa mkono uliokwenda mdomoni.

Kuhusu ile desturi ya kulitoboa karo wakati mvua kubwa inanyesha ili mafuriko yachukue, sioni haja ya kuilinganisha na chochote. Huko ni kumpelekea jirani wa chini maradhi kwa makusudi.

Shimo jipya

Njia ya nne inategemea mahali zaidi kuliko nyengine zote. Pemba, katika mashamba ya Wete au Konde ambako udongo ni mzito na nyumba zimeachana, kulifunga shimo lililojaa na kuhamia jipya ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeugusa uchafu hata kidogo. Shimo liachwe likiwa na nusu mita tupu juu, litiwe chokaa, lijazwe udongo na kushindiliwa, na likipandwa mgomba utasitawi. Lisichimbuliwe kwa muda usiopungua miaka miwili, kwani mayai ya minyoo ya tumbo huishi ardhini muda mrefu baada ya vijidudu vyengine kufa. Jipya liwe mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na chini yake pabaki mita 1.5 za udongo mkavu kabla ya kufikia maji.

Kwenye jiwe la matumbawe la Unguja, kama Makunduchi, Jambiani au Nungwi, vipimo hivyo hivyo vinadanganya. Katika jiwe lenye ufa, mita 30 ni safari fupi mno kwa maji machafu, na shimo jipya lisilojengewa ukuta na sakafu linaweza kuwa mfereji wa kuelekea kisima cha kijiji. Huko nashauri karo lililojengwa na kuvutwa kwa gari, ingawa gari litatoka mbali na bei itapanda. Na katikati ya Ng'ambo kiwanja hakipo. Mwenye kuchimba jipya huko atakuwa anachimba chini ya ukuta wa mwenzake.

Baada ya kifuniko kurudishwa

Njia yoyote itakayochaguliwa, usafi wake huamuliwa pia na nusu saa ya mwisho, wakati watu wamechoka na wanataka kuondoka. Uchafu uliodondoka ukusanywe kwanza kwa kuumwagia chokaa iliyozimwa, ile ya tanuri tunayoijua kwa kujengea, na kuuchota kwa beleshi urudi ndani ya karo. Chokaa ikipandisha ukali wa tope hadi pH 12 na kubaki hivyo kwa saa mbili huua vijidudu vingi, lakini huchoma macho na ngozi, kwa hiyo haishikwi kwa mkono mtupu. Sakafu ikishakwanguliwa na kuoshwa kwa sabuni ndipo inapopakwa klorini. Dawa ya kufulia ya dukani yenye klorini ya asilimia 3.5 ichanganywe kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, ambayo hutoa nguvu ya asilimia 0.5, na iachwe dakika 10. Klorini iliyomwagwa juu ya uchafu ambao haujaondolewa humalizwa na uchafu huo na haifiki chini. Na ikichanganywa na dawa kali ya kusafishia vyoo yenye asidi hutoa hewa ya sumu.

Vifaa vinavuliwa kwa mpangilio. Mabuti na glavu huoshwa vikiwa bado mwilini, kisha mabuti huvuliwa, kisha nguo ya juu, kisha miwani na barakoa kwa kushika kamba za nyuma, na glavu huwa za mwisho, zikigeuzwa ndani nje. Mikono na mikono ya mbele husuguliwa kwa sabuni hadi chini ya kucha. Tumezoea, katika twahara, kuosha mpaka rangi na harufu ya najisi viondoke, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini mayai ya minyoo hayana rangi wala harufu, na klorini haiyaui, kwa hiyo kusugua kwa sabuni na maji yanayotiririka ndiko kunakoyaondoa. Nguo za kazi hufuliwa peke yake, kwa maji ya moto, na kuanikwa juani.

Wakati wa kufanya haya yote nao una uzito wake katika uchaguzi. Miezi ya Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo bora: ardhi ni kavu, maji ya ardhini yameshuka, kichochoro kinapitika na magari hayana foleni. Shimo lisilojengewa ukuta likitolewa wakati ardhi imelowa linaweza kuporomoka, kwa sababu uchafu uliokuwa ukiusukuma udongo kwa ndani umeondoka. Wenye nyumba za wageni wa upande wa pwani waliozika matangi ya plastiki wana tahadhari ya kuongeza: tangi jepesi likiachwa tupu wakati maji ya ardhini yako juu huelea, likavunja mabomba na kuinua sakafu iliyo juu yake. Tangi la namna hiyo litolewe siku za ukavu tu, na lijazwe maji hadi nusu siku ile ile, kabla dereva hajaondoka.